Kinanda Hakijafa

Mwikali, binti yangu, mwaitu,

Sitauliza kama u mzima, kwa sababu hivi sasa nakusikia ukicheka kule kwa shangazi yako ulikoenda kuaga, na kicheko chako kimevuka mashamba mawili na mto usio na maji. Mimi pia ni mzima, isipokuwa goti la kushoto, ambalo lilijitoa kwenye familia hii zamani. Kesho ukiamka utaikuta barua hii juu ya begi lako. Isome kabla ya chai. Ukingoja mpaka baada ya chai, lori la Kilonzo utakalosafiri nalo litakuwa limeshafika, na tutaaibishana mbele ya watu.

Kinanda hakijafa. Hiyo ndiyo habari yenyewe. Nilikudanganya.

Uliponiuliza mwezi uliopita kama unaweza kwenda nacho Kisumu, kwenye hiyo shule uliyopata kazi ya kufundisha muziki, nilikuambia mota imeungua. Nikafungua mgongo wake mbele yako, nikachokora na bisibisi, nikatikisa kichwa kama daktari anayetaka familia iingie ndani kwanza. Ulipobonyeza swichi taa iliwaka, kikanguruma kidogo, sauti haikutoka. Ukaamini, na nani asingeamini? Mimi ndiye fundi wa vinanda pekee kati ya Mwingi na Mtito Andei, na anayebisha alete mwingine. Lakini siku moja kabla ya hapo, wewe ukiwa sokoni Migwani, nilikuwa nimechomoa waya wa ile mota ndogo ya kuanzishia. Waya mmoja tu. Nikaufunga ncha kwa utepe mweusi nikausukuma nyuma ya ubao usiuone.

Halafu nikakushauri ununue kibodi ya kisasa. Nikakuambia hata sauti ya kinanda hiki imo ndani yake, unatafuta namba, unabonyeza, basi. Juzi ukarudi nayo kutoka Kitui mjini ukiwa umeibeba begani kama mkeka. Ukaiweka mezani, ukatafuta ile namba, ukanipigia wimbo wetu wa kufunga ibada. Ulipomaliza ukasema, "Sikiliza, Baba. Imefanana, si ndiyo?"

Nikasema imefanana.

Ulikuwa unanifariji. Ulidhani mimi ndiye niliyefiwa na kinanda, kwa hivyo ukaficha huzuni yako ili uiangalie yangu. Na uso uliokuwa nao wakati ule, mwaitu, niliwahi kuuona kwa mtu mwingine. Ndiyo maana niko hapa na kalamu, mimi niliyetoroka kalamu tangu utotoni, badala ya kuwa kule stendi ya boda nikiwapa vijana elimu ya bure.

Mambo ya kuchemsha maji, kufunga mlango na kujihadhari na wanaume atakuambia shangazi yako. Yeye ana orodha. Mimi nina jambo moja, na kulifikia lazima nizunguke, unanijua.

Unajua nimetembea. Shule niliiacha darasa la sita kwa makubaliano: mwalimu alikubali na mimi nikakubali. Kutoka hapo nimepiga muziki Voi, Mombasa, Arusha, na Kampala mara mbili, mara ya pili kwa sababu ya kwanza nilisahau viatu. Bendi yetu ilikuwa ya watu watatu na tulijiita wanane. Tulipokuwa tukipiga kwenye hoteli moja ya barabara ya Mombasa, pale Kiboko, kulikuwa na mzee Mwingereza aliyekuwa akiishi karibu na hapo na sasa alikuwa akirudi kwao. Akatuita tumsaidie kutoa vitu vya nyumba. Sebuleni nikakikuta hiki.

Vile vikubwa vya makanisa ya mjini nilikuwa nimeviona. Vinataka nyumba yao wenyewe na askari mlangoni. Hiki kilikuwa kidogo, ukubwa wa meza ya mwalimu mkuu, kimetengenezwa kabla mimi sijazaliwa, na watu wawili wenye nia nzuri wanaweza kukiinua. Nikafungua mgongo, kwa sababu mimi siwezi kusalimiana na mashine bila kuona mgongo. Ndani kulikuwa na mota, na mhimili mrefu, na magurudumu madogo ya chuma tisini na kitu, kila gurudumu na meno yake, na mbele ya kila gurudumu sumaku. Gurudumu likizunguka, linaifanya ile sumaku iimbe. Hakuna sauti iliyohifadhiwa humo, Mwikali. Kibodi yako imejaa sauti zilizowahi kupigwa mahali fulani na mtu usiyemjua, zikakatwa, zikapangwa kama nguo zilizopigwa pasi. Humu kila unapobonyeza kuna kitu kinazunguka kweli, wakati huo huo, chini ya vidole vyako.

Nilimpigia yule mzee wimbo mmoja, akalia, akaniambia nichukue. Hivyo ndivyo nimesimulia miaka yote. Ukweli ni kwamba alikuwa na mafua ya vumbi, na kinanda hakingeingia kwenye ndege. Lakini kuchukua nilichukua.

Mama yako nilimpata kwa sababu ya jenereta.

Kulikuwa na mkutano wa injili Kalamba, nikaitwa nipige kinanda. Wokovu wangu siku hizo ulikuwa wa kwenda na kurudi, lakini kulikuwa na mbuzi, nikaenda. Umeme ulikuwa wa jenereta. Sasa, kinanda hiki mwendo wake ni mwendo wa umeme. Umeme ukilegea, yale magurudumu yanalegea, na sauti inashuka. Mimi nilikuwa nalijua hilo, akina mama wa jikoni walikuwa hawalijui. Tulipofika ubeti wa tatu wa wimbo wa kufunga, mama mmoja akachomeka lile birika kubwa la umeme ili wachungaji wageni wapate chai moto wakitoka. Jenereta ikakohoa. Kinanda kikashuka karibu nusu sauti, polepole, kama mtu anayekaa kwenye kiti asichokiamini. Halafu jenereta ikajikaza, nacho kikapanda tena mpaka mahali pake.

Kwaya ilivunjika. Wengine walibaki juu, wengine wakanyamaza, mwanamume mmoja wa sauti ya chini akajifanya ana kikohozi. Msichana mmoja tu, safu ya pili, alishuka na kinanda na akapanda nacho, macho amefumba, kana kwamba mtunzi wa wimbo alitaka hivyo tangu mwanzo.

Baada ya ibada nikamwendea kwa ujasiri wa mtu aliyefika Kampala mara mbili. Hakunipa nafasi ya kusema hayo.

"Umetuangusha," akasema.

"Si mimi. Ni jenereta."

"Jenereta haina vidole. Ungeacha kupiga."

"Na wewe ungeacha kuimba."

Akaniangalia kama anayepima kitambaa ambacho huenda asinunue. "Ningekuachaje peke yako huko chini?"

Huyo ndiye Kavata, mama yako. Nimeambiwa mambo matamu na watu wengi, mengine kwa lugha nisizozijua, lakini hilo ndilo lililonirudisha nyumbani Migwani nikajenga. Sina hakika kama niliwahi kumwambia. Nilidhani anajua.

Nyumba yetu haikuwa na umeme, kwa hivyo kinanda kikakaa kanisani, na Kavata akawa kiongozi wa kwaya. Kanisa nalo lilikuwa na jenereta yake, na Mama Kanini, mpika chai wetu, alikuwa na birika lake. Kila Jumapili, wimbo wa kufunga, ubeti wa tatu, Mama Kanini anachomeka. Tungeweza kumwambia angoje dakika mbili. Nilitaka kumwambia, na Kavata akanikataza. Badala yake akaifundisha kwaya kushuka. Aliinua mkono, akaushusha pole kama anayefunika mtoto, wote wakashuka pamoja na kinanda, halafu akaugeuza kiganja, wote wakapanda. Watu waliotoka mbali wakisikia walisema ubeti ule unawaingia mahali. Hakuna aliyewaambia ni chai.

Watoto wa kanisa lile walikua wakidhani hivyo ndivyo wimbo ulivyo. Ulipoenda shule ya bweni uliniandikia ukalalamika kwamba wasichana wa huko wanauimba ubeti wa tatu vibaya. Niliisomea stendi nzima barua hiyo. Nilicheka mpaka nikaketi chini. Mama yako aliichukua, akaikunja, akaiweka ndani ya Biblia yake, na hakucheka hata kidogo.

Halafu stima, umeme wa serikali, ikaletwa Migwani. Watu walishangilia nguzo kama wageni wa heshima. Jumapili ya kwanza Mama Kanini akachomeka birika na kinanda hakikutikisika. Kwaya ikashuka, kinanda kikabaki juu, ikawa aibu. Nikaangalia uso wa Kavata, na bila kufikiri nikaigusa ile swichi ya kuendeshea, nikaizima kidogo tu. Magurudumu yakaanza kuchoka, sauti ikashuka, nikaiwasha, ikapanda. Tangu siku hiyo nilikuwa nafanya kwa mkono kilichokuwa kikifanywa na birika. Watu hawakujua. Yeye alijua. Kila ubeti wa tatu aliniangalia mkono.

Ningekuwa mtu wa kuandika mazuri yangu tu, ningeishia hapa.

Wewe ulikuwa kidato cha pili. Kwaya moja ya mjini ikatutembelea, vijana wamevaa suti zinazobana, na kibodi inayong'aa mataa kama gari la harusi. Mmoja wao akaona mkebe wangu wa mafuta pembeni mwa kinanda, akauliza kama hiki ni kinanda au ni cherehani. Kanisa zima likacheka. Mimi ndiye huchekesha watu, mwaitu. Sikuzoea kuwa upande ule mwingine. Iliniuma kwa namna ambayo mtu mzima hapaswi kukubali, na nikaikubali.

Ndani ya miezi michache nilikuwa nimewashawishi wazee wa kanisa wote. Niliwaambia kibodi ina sauti mia saba. Niliwaambia Nairobi hakuna mtu anayetia kinanda mafuta. Nilisema hata sauti ya hiki cha zamani imo humo humo, kitu ni kile kile, tofauti ni uzito. Wakanisikiliza kwa sababu nimetembea. Kibodi ikaja. Kinanda nikampelekea Muthengi, mwenye hoteli kule Kiboko, aliyetaka kitu cha kikale cha kupamba ukumbi.

Siku tuliyokitoa kanisani, Kavata alikuja na mkoba. Kulikuwa na kitambaa alichokishona mwenyewe cha kukifunika. Alikikunja mara mbili, akakikunja tena, akakitia kwenye mkoba wake, akaniuliza kama nimeshakunywa chai. Uso wake ndio huo ninaokuambia. Ndio uliokuwa nao juzi ukiniambia imefanana.

Jumapili iliyofuata kwaya ilishuka na kibodi ikakataa. Utasema ina kigurudumu pembeni cha kuvuta sauti chini. Kipo, nilikitumia. Sauti zote zinashuka sawasawa, mstari mmoja, kama polisi kwenye gwaride. Kinanda kikishuka unasikia uzito: chuma kinapoteza mwendo, na unaogopa kidogo kwamba safari hii hakitarudi. Ile haichoki, inaigiza mtu aliyechoka. Na waimbaji walihisi, hata wale wasiojua nota. Wakayumba. Vijana wa nyuma wakaguna. Nikabaki na kidole juu ya kigurudumu cha plastiki, jasho likinitoka, nikingoja mke wangu anitolee ulimi.

Yeye akaanza mazoezi Jumatano na Ijumaa. Miezi mitatu. Aliifundisha kwaya kusahau. Mkono ule uliokuwa ukishuka akaushikilia bapa hewani, akawa anawaambia, "Bakini. Bakini hapo hapo." Waliposhuka kwa mazoea aliwarudisha mwanzo. Aliing'oa mwenyewe, uzi kwa uzi, kazi ya miaka yake yote, ili mimi nisiaibike na kibodi yangu. Na mimi nikazunguka Migwani nikiwaambia watu, mnaona jinsi chombo cha kisasa kimeinyoosha kwaya?

Baadaye sukari ikampata, akawa anakaa nyumbani zaidi. Mchana fulani nilikuwa narudi kutoka shambani, nikamsikia akiosha vyombo na kuimba. Alifika ubeti wa tatu akashuka. Peke yake, taratibu, akakaa huko chini muda mrefu kuliko kawaida, halafu akapanda. Nilisimama nyuma ya mlango. Ningeingia nikasema nimekosea, na lingekuwa limekwisha, kwa sababu Kavata hakuwa mtu wa kumkamua mtu. Mdomo huu, unaoweza kumuuzia mtu wa Kitui mchanga wa mto wake mwenyewe, ulishindwa na neno moja. Nikaondoka, nikazunguka nyumba, nikarudi nikipiga mluzi ili anyamaze kabla sijafika. Nilirudia hivyo mara nyingi, Mwikali. Nilikuwa naenda kusikiliza kama mwizi.

Siku ya kumzika, wewe ulikuwa mstari wa mbele na shangazi yako, sijui kama unakumbuka muziki. Kwaya iliimba ule wimbo. Ubeti wa kwanza, wa pili. Ulipofika wa tatu nilishika ukingo wa kiti nikingoja washuke. Hawakushuka. Waliimba wima, safi, hakuna hata mmoja aliyeteleza. Alikuwa amewafundisha vizuri.

Wiki iliyofuata nikaenda Kiboko. Nikakuta Muthengi ameweka televisheni juu ya kinanda na kreti za soda mahali pa miguu. Nikamwambia nakitaka.

"Kile hakilii," akasema. "Nilijaribu. Kinanguruma tu."

"Ulikitia mafuta?"

"Ya kupikia."

Nilimpa gita langu la bendi, lile nililokuwa nimeapa kuzikwa nalo, na hata hakulitazama vizuri. Kukisafisha kulinichukua mwezi mzima. Panya walikuwa wamelea watoto humo, na yale mafuta yake yalikuwa yameganda kama gundi. Mafuta yenyewe ya kinanda huwezi kuyaharakisha. Unatia tone kwenye vikombe vidogo, yanafuata uzi, leo unatia na wiki ijayo ndiyo yanafika gurudumu la mwisho. Nilikaa nayo. Sikuwa na pengine pa kwenda.

Ulipofunga shule nilikuita sebuleni, stima sasa ikiwa imefika mpaka nyumbani kwetu. Ukapiga ule wimbo huku ukiimba, na ubeti wa tatu nikanyoosha mkono nikagusa swichi bila kukuonya. Ukashuka. Hukufungua macho. Ulishuka nacho na ukapanda nacho. Watu wote wa Migwani walikuwa wameshafundishwa kusahau, isipokuwa wewe, kwa sababu mazoezi yale ulikuwa bweni. Nilitoka nje nikasema nakwenda kuangalia ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe.

Sasa unaelewa nilichofanya mwezi uliopita. Kila jioni uliyokuwa nyumbani na ukapiga, Kavata alikuwa humu ndani. Si mzuka, usimwambie shangazi yako akaniletea watu wa maombi. Nasema tu alikuwemo. Ukaniambia umepata kazi Kisumu, nikajua utataka kinanda, na nikapiga hesabu ya mtu mchoyo kabla hujauliza: mtoto nitampigia simu, kinanda hakina simu, basi mtoto aende na sauti ibaki. Nikachomoa waya.

Na tazama jinsi akili ya darasa la sita inavyofanya kazi. Baada ya kukuambia kimekufa, sikuweza kukipiga tena, maana ungesikia. Kwa hivyo mwezi mzima nimekaa na kinanda kizima kilichonyamaza, nikikifuta vumbi mbele yako na kuguna kwa majonzi. Nilikuibia wewe na nikajiibia mimi, na kitu chenyewe kikabaki katikati kinatutazama.

Leo mchana ulipotoka kwenda kuaga, nilirudisha ule waya. Kilichukua muda kupata joto, halafu kikaamka bila kinyongo. Nikapiga wimbo wetu. Nikafika ubeti wa tatu, nikagusa swichi, kikashuka. Kikashuka, mwaitu, na hakukuwa na mtu wa kushuka nacho. Mimi sina sauti ya kuimba, nina ya kuzungumza tu, na hata hiyo watu wameichoka. Nilikisikia kikienda chini peke yake, nikakiwasha haraka kirudi, kama mtu aliyeona mtoto akielekea barabarani. Nilifikiri nikikizuia hapa nitakuwa nimebaki na Kavata. Nilichobaki nacho ni mota na chuma. Kilichokuwa kikinirudishia mama yako kila jioni kilikuwa kinashuka na kupanda kooni mwako, na hicho kesho kinapanda lori, nichomoe waya nisichomoe.

Kwa hivyo kichukue.

Nimeshaongea na Kilonzo. Anapeleka magunia ya ndengu huko huko upande wa ziwa, na atakuja na vijana wawili wa kupakia. Magunia yatakizuia pande zote, kitasafiri vizuri kuliko wewe. Nimekifunga kwa blanketi langu, na usijaribu kulirudisha.

Kukiwasha unajua, lakini acha niseme, kwa sababu ndiyo maagizo pekee niliyo nayo. Bonyeza ile swichi ya kwanza, ishikilie, hesabu mpaka nane bila kudanganya. Ukiwa bado umeishikilia, bonyeza ya pili, hesabu nne, ndipo uachie ya kwanza. Kina adabu ya watu wa zamani, hakitaki kuamshwa kwa kelele. Mafuta mara moja kwa mwaka, yale mepesi, na ukimwona mtu na chupa ya mafuta ya kupikia mfukuze. Vidole vikigusa utasikia kile kijisauti cha kugonga. Atakuja fundi aseme ni kasoro, anaweza kuiondoa. Mpe chai aende.

Sitakuficha: ni kizito. Kila utakapohama nyumba utanilaani. Vipuri vyake havipatikani, na kuna siku kitakataa kuwaka mbele ya wageni. Wasichana wako wa shule watakuuliza kwa nini umejitesa na kabati linalonguruma wakati simu zao zina sauti hizo zote bure. Huenda hutakuwa na jibu, na si lazima uwe nalo. Siku kikikushinda kweli, kiache. Lakini ukiache kwa sababu kimekushinda, usikiache kwa sababu kuna mtu amecheka. Mimi niliacha kwa kicheko cha kijana mmoja mwenye suti ya kubana, ambaye leo nikikutana naye njiani siwezi kumtambua.

Wala usiwafundishe wasichana wa watu kushuka. Huko hakuna Mama Kanini na wana nyimbo zao. Wewe ukipenda shuka, ukiwa peke yako.

Kuhusu wanaume, nilisema shangazi yako ana orodha, na ni ndefu, nimeiona. Ninaongeza moja chini kabisa. Siku kinanda kikikushukia mbele yake, mwangalie anafanya nini.

Sitakuja barabarani kukuaga. Nitasema ni goti. Wewe pakia, mwambie Kilonzo aendeshe pole kwenye matuta, usigeuke mara nyingi.

Na hiyo kibodi niachie hapa mezani. Najua ulijinyima ukainunua, na najua ulinunua kwa neno langu. Mimi ndiye niliyesema imefanana, acha nikae nayo mimi. Niandikie tu kwenye karatasi ile namba ya sauti, kwa sababu nimeitafuta tangu saa kumi na kila ninachobonyeza kinaniletea ngoma.

Ni mimi baba yako,
Musembi